Koti la Njano la Mama Loveness

Tangu amzike mumewe Emanuel, Natalia hakuwa na nguo nyingine ya kutokea zaidi ya gauni moja jeusi. Alilishona mwenyewe siku ya pili ya msiba, kwa haraka, kitambaa kizito, mikono mirefu, kola iliyombana kooni. Mwaka mmoja na miezi mitatu alilivaa kanisani, mnadani na kwenye vikao vya shule. Alikuwa fundi cherehani pale Dongobesh, akiwashonea wenzake nguo za harusi na za ubatizo, kisha akirudi nyumbani na gauni lake lile lile.

Jumatano moja ya mwezi wa nne, katekista Alfredi alimkuta kibarazani akitia uzi kwenye sindano.

"Mama Loveness, Jumamosi tunawapeleka watoto wa parokia wakaone maporomoko kule msitu wa Nou. Wapo kumi na tisa, na wanao wawili wamo. Nahitaji mama wa kwenda nao."

"Na mvua hizi, mwalimu?"

"Tukisubiri mvua ya huku iishe, hawa watoto wataota mvi."

Natalia akacheka kidogo, akakubali.

Jioni, wakichambua maharage, binti yake Loveness, mwenye miaka minane, alimuuliza bila kumtazama, "Mama, utakwenda na lile gauni?"

"Lina nini?"

"Marieta analiogopa. Anakuita mama wa msiba."

Natalia akaendelea kuchambua. Marieta alikuwa mtoto wa jirani, miaka mitano, na hakusema kwa ubaya. Lakini neno lile lilimkaa kifuani.

Kesho yake alikwenda kwenye marundo ya mitumba. Alichambua hadi akaona rangi ya njano chini ya masweta. Lilikuwa koti la mvua la mwanamume mkubwa, mfuko mmoja umechanika, lakini halikuwa na tundu hata moja. Alilipeleka kwenye cherehani, akalifumua ubavuni, akapunguza mabega, akalibana kidogo kiunoni ili lisimfanye pipa. Mikono aliikata ikafika kwenye kifundo cha mkono. Mfuko uliochanika aliuondoa, akashona miwili mipana, ya kuingiza maandazi, kitambaa cha kufutia makamasi na soksi za akiba. Kofia ya koti aliiacha kubwa ili kilemba kikae ndani. Alikuwa amesahau raha ya kujishonea kitu mwenyewe.

Jumamosi asubuhi alivaa taiti nene, juu yake sketi ya jinzi iliyopita magoti, sweta la rangi ya zambarau, mabuti ya mvua, kisha koti. Akasimama mbele ya kioo. Akamwona mwanamke ambaye Emanuel aliwahi kumfahamu, na aibu ikampanda. Alikwisha kuanza kufungua zipu ili arudie gauni jeusi, mara mwanawe mdogo, Tito, akaingia mbio akatumbukiza mkono mfukoni.

"Mama, humu naingia hadi kwenye kiwiko!"

Basi akaondoka hivyo hivyo. Ila walipita njia ya nyuma, kwenye mashamba ya mahindi, kwa sababu njia kuu ilipita mbele ya nyumba ya mama mkwe wake, Bernadina. Emanuel alikuwa mwanawe pekee.

Kenta, lori dogo la parokia, iliwashusha pembezoni mwa msitu, wakaingia kwa miguu. Mvua ilikuwa ya rasharasha. Watoto walikanyaga kila dimbwi. Natalia aliyekuwa akiogopa matope kwa sababu ya pindo la gauni, sasa aliinama, akachuchumaa, akaruka mtaro, akambeba huyu na kumvuta yule. Kwenye maporomoko walipiga kelele hadi sauti zikawakauka, na maandazi yakaisha yote.

Wakati wa kurudi ukungu ulishuka. Ulikuja ghafla, kama unavyokuja huku juu, na miti ya mbele ikafutika. Katekista Alfredi alikuwa amevaa koti la kijivu. Alipotangulia hatua kumi tu, watoto wakaanza kuita, "Mwalimu, uko wapi?" Wawili wadogo wakalia. Marieta alikuwa ameacha kiatu kimoja kwenye tope, meno yakimgongana kwa baridi.

Alfredi alirudi nyuma, akatazama huku na huku.

"Mama Loveness, tangulia wewe. Mimi nitakaa mwisho. Watoto! Mnaliona koti la njano?"

"Tunaliona!"

"Shikaneni mikono mlifuate. Likisimama, simameni."

Natalia alimvisha Marieta soksi kavu, akafungua zipu, akamweka kifuani ndani ya koti na kuifunga hadi kwenye kidevu cha mtoto. Akaanza kutembea polepole, akifuata alama za miguu yao ya asubuhi kwenye udongo. Kila baada ya hatua ishirini alisimama, akawaita kwa majina, nao wakaitika. Hofu ilimwingia moyoni, lakini sauti hakuiacha itetemeke. Marieta aliacha kutetemeka kabla hawajafika katikati ya njia, akauliza kutoka ndani ya koti, "Mama Loveness, tumefika?"

Walipoiona kenta, Alfredi aliwahesabu mara mbili. Kumi na tisa. Akakaa juu ya jiwe lenye maji bila kujali.

Dongobesh walifika saa kumi na moja, na habari ya ukungu ilikwisha kufika kwa simu. Wazazi walikuwa wamejaa barabarani. Mbele yao alisimama Bernadina, shuka begani, mwavuli mkononi.

"Shikamoo, bibi!" Loveness na Tito wakamkimbilia.

"Marahaba, wajukuu zangu." Aliwapapasa vichwa, kisha akamtazama Natalia toka kilemba hadi mabuti.

"Shikamoo, mama," Natalia alisema, macho chini.

"Marahaba." Bernadina akasogea, akashika ukingo wa koti, akausugua kwa vidole. "Umelowa ndani?"

"Hapana, mama."

"Umelishona mwenyewe?"

"Nimelirekebisha tu. Nisamehe, mama, sikukuaga. Nilipita nyuma."

"Nilikuona. Rangi hii nani asiyeiona?" Mvua iligonga mwavuli. "Baba yake Emanuel alipokufa, nilivaa nyeusi miaka minne. Si kwamba nilitaka. Nilikuwa nangoja mtu aniambie inatosha. Hakutokea. Ikanichanikia mwilini."

Natalia aliinua macho.

"Sasa mimi nakuambia, mwanangu. Inatosha."

Natalia alilia pale pale barabarani, mbele ya watu, kilio ambacho hata siku ya mazishi hakikutoka. Bernadina alimfunika kwa mwavuli, ingawa koti lilikuwa halipitishi maji, na hakumwambia anyamaze.

"Bibi, mama ana nini?" Tito aliuliza.

"Amechoka. Ametembea sana." Bernadina akamshika Natalia mkono. "Twendeni kwangu. Nimebandika kande tangu mchana, na maziwa ya mgando yapo."

Wakashuka wote wanne kwa njia kuu.