Nani Aliupinda Mkono Ule

Kabla hajawa wakili wa hataza, zile hati za kulinda uvumbuzi, alikuwa injinia wa mitambo kwa miaka tisa, na bado alikuwa na tabia ya kushika kitu kwanza ndipo asikilize maelezo. Kwa hiyo mkurugenzi wa kiwanda cha vinywaji alipomwekea mezani mkono mdogo wa chuma, aliugeuzageuza huku mgeni wake akijimwagia sifa.

"Chupa ikianguka kwenye mkanda wa mashine, mkono huu unaisukuma kando kabla haijakwama," mkurugenzi alisema. "Andika ombi la hataza. Mvumbuzi ni mimi."

"Kwa nini umepinda hapa mwishoni?"

"Kwa ajili ya ufanisi."

Wakili akamtazama. Mtu aliyehangaika na chuma hajibu hivyo. "Naomba nije niuone ukifanya kazi," alisema.

Kesho yake mkurugenzi alimwelekeza kwenye mashine, akabaki ofisini na simu zake. Mkandani alisimama mwanamke wa makamo, buti za mpira miguuni na spana kiunoni. Wenzake walimwita Mama Spana.

"Shikamoo mama. Eti huu mkono umepindwa kwa nini?"

"Marahaba. Ukinyooka, chupa inatanguliza mdomo, inakaba. Ukipinda, inatanguliza kitako, inateleza yenyewe. Nilijaribu mara nne ndipo ukakubali."

"Kumbe ni wewe uliyeutengeneza?"

Mama Spana akatupia jicho mlango wa ofisi. "Mwanangu, usinitafutie balaa. Nimeshaonywa mara moja."

Akaenda kwenye kabati lake la nguo, akarudi na barua ndani ya mfuko wa nailoni. Ilimwonya kwa "kufunga kwenye mkanda kipande cha chuma kisichoidhinishwa." Chini kabisa palikuwa na saini ya mkurugenzi.

Wakili aliisoma mara mbili. "Unajua kilichonileta?"

"Tumeambiwa unakagua usalama."

Akamweleza kila kitu. Mama Spana akakaa taratibu juu ya kreti.

"Kilipokuwa kosa kilikuwa changu," alisema. "Kilipofaa kikawa chake."

Wakili akaiomba ile barua, akaingia nayo ofisini. Hakupaza sauti.

"Mvumbuzi ni aliyebuni," alimwambia mkurugenzi. "Kiwanda kinaweza kumiliki hataza, maana huyu mama ni mwajiriwa wenu, lakini jina ni lake. Ukidanganya, hataza inaweza kufutwa, na ushahidi umeusaini mwenyewe."

Mkurugenzi akaisukuma barua kando. "Basi tuandike majina mawili. Langu litangulie."

"Wewe ulibuni nini?"

"Nilitoa mazingira."

"Mazingira hayapindi chuma."

Hatimaye Mama Spana akaitwa, akapewa fomu na kalamu. Aliisoma yote polepole, kidole chini ya mistari, kisha akaiweka kalamu mezani.

"Nitasaini," alisema. "Ila kwanza niandikieni kwamba lile onyo limefutwa. Na muhuri uwepo."

"Hayo ni mambo ya idara ya wafanyakazi. Yanachukua muda."

"Mimi sina haraka, bosi. Zamu yangu inaisha saa kumi."

Barua ilichapwa ndani ya robo saa. Mama Spana akaukagua muhuri, akaikunja, akasaini fomu. Ombi likapelekwa likiwa na jina moja tu la mvumbuzi.

Wiki iliyofuata mkurugenzi alilalamika kwa mkuu wa ofisi ya wakili kwamba amedhalilishwa mbele ya mfanyakazi wake, akataka wakili mwingine. Alipewa. Yule wa kwanza akahamishiwa kwenye majalada ya nembo za peremende.

"Yule ni mteja mkubwa, mdogo wangu," mkuu wake alimwambia. "Ungelainisha maneno kidogo."

"Niliyalainisha, kaka," alijibu huku akifungua jalada la kwanza. "Hukusikia niliyoyameza."