Wanawake Wawili wa Kitanda cha Nne

Saa tatu kasorobo asubuhi, daktari wa mifupa aliinua picha ya eksrei kwenye mwanga wa dirisha akamweleza kijana wa mgonjwa. Mgonjwa mwenyewe, fundi cherehani mstaafu wa miaka themanini na mmoja, alilala kati yao. Siku tano nyuma aliteleza bafuni, nyonga ikavunjika.

"Njia ni mbili," daktari alisema. "Tuufunge mfupa kwa skrubu. Upasuaji ni mdogo, lakini zikilegea tutarudia. Au tutoe kichwa cha mfupa, tuweke cha bandia. Huo ni mkubwa, damu inapotea zaidi, ila mara nyingi hakuna kurudia."

"Angekuwa mama yako, ungechagua ipi?" kijana aliuliza.

Daktari akawaza. Alipokuwa akiwaza, wanawake wawili walishuka kitandani, kila mmoja upande wake, wote wawili wana sura ya mgonjwa. Muuguzi alisogeza toroli wapite.

Wa kushoto alikuwa na skrubu. Alichechemea, kila hatua ikilia ndani kama bawaba kavu. Alipofika dirishani, kwake ilikuwa imepita miezi minne. Akakaa, akashika paja, akasubiri kupasuliwa tena.

Wa kulia alianza vibaya zaidi. Midomo ilimpauka, akaegemea ukuta mara mbili. Kisha akanyooka. Alitoka mlangoni, akashuka ngazi zote, akazipanda tena bila mkongojo. Mzee aliyekuja kumwona mgonjwa wa kitanda cha pili alivua kofia.

Mgonjwa alimtazama, machozi yakimtiririka masikioni. "Nataka kama huyu," alisema. "Nimeshona miaka hamsini. Kiraka hakishiki kwenye kitambaa kilichochakaa."

"Pumzika, mama," daktari alisema kwa upole, akampa kijana fomu.

"Umri umekwenda," kijana alisema. "Tusimwingize kwenye makubwa." Akatia sahihi palipoandikwa skrubu.

Wa kushoto akarudi kitandani, akaingia mwilini. Wa kulia akafuatana na kijana nyumbani.

Huko anafagia, anapika, anashona, na wajukuu wanamwita bibi. Majirani humpongeza kijana kwa jinsi mama alivyopona. Skrubu zililegea mwezi wa nne baada ya upasuaji, na mgonjwa yuko kitanda cha nne, akisubiri kupasuliwa tena. Kila Jumapili mwanamke wa kulia huja wodini kwa miguu yake, humkanda aliyelala lile paja, kisha wote wawili humsikiliza daktari akizungumza na kijana.