Sauti Iliyomeza Ujumbe

Siku Leonidas alipopanda lori kwenda Sibwesa kutafuta mbegu, Annonciata alikuwa zamu kwenye redio ya upepo ya parokia, Mwamkulu. Alimpungia mkono dirishani tu. Mumewe alisema atarudi kesho yake. Kesho ikapita, na keshokutwa.

Redio ya Mwamkulu haikufika Sibwesa. Ujumbe ulipitia kwa Libérat, aliyekuwa na redio katikati ya njia. Akiupokea, aliurudia kwenda mbele, na aliyeutuma alibaki hewani mpaka asikie maneno yake yakiondoka. Ndivyo walivyofundishana. Lakini mwaka ule wa tisini na sita betri zilikuwa zimechoka, wakaiacha desturi. Ukishatuma, unazima.

Annonciata akamwita Libérat, lakini safari hii akajibu mtu mwingine. "Libérat kapumzika. Nipe mimi, mama, Sibwesa naipata wazi kabisa. Ova."

"Muulize mume wangu Leonidas kwa nini harudi. Ova."

"Mumeo mzima. Anangoja usafiri. Tulia."

Kila asubuhi jibu lilikuwa hilohilo. Leonidas, mtu wa kuuliza mpaka hali ya mbuzi, ndiye asiulize chochote?

Akatuma tena, ila hakuzima. Akasikiliza, mkono kifuani. Hakuna aliyeyarudia maneno yake. Yalikuwa yameishia palepale.

Akamwita Tamimu, mwenye duka Kawajense, ambaye redio yake ilifika Mishamo, na Mishamo ikafika Sibwesa.

"Shemeji Annonciata! Leonidas kaoa huko nini? Ova."

"Usinitanie leo. Zungushia Mishamo, uniulizie. Na usizime!"

Tamimu aliporudi hewani, utani ulikuwa umemtoka.

"Shemeji, wanaomba gari tangu juzi. Leonidas ana homa kali, hajitambui. Kila wakiita, kuna mtu anawajibu gari liko njiani."

Annonciata alikimbia peku hadi kwa padre. Gari likaondoka saa ileile, naye ndani. Baadaye ilijulikana kwamba majangili walimpora Libérat redio yake. Walikuwa na pembe za ndovu porini, hawakutaka gari lolote lipite barabara ile.

Walipofika Sibwesa, wanawake walikuwa wamekaa chini nje ya nyumba, vichwa wamefunika. Hakuna aliyeinuka kumlaki.

Kaburi la Leonidas liko hukohuko. Zamu ya asubuhi Mwamkulu, ambayo Annonciata hakuirudia, sasa anaishika mdogo wake, Laurence.