Ngobyi Ilipofika Bariyeri

Chupa ya maji ya Apollinarie ilipopasuka asubuhi ile, mama yangu aliingia chumbani na vidonge viwili kiganjani, vile vya rangi mbili vinavyouzwa sokoni juu ya sinia. Alitaka mke wangu avimeze upesi, kabla jirani hawajajua kitu.

"Mama, sitavimeza," Apollinarie alisema.

"Si ni antibiotiki? Si ndiyo dokta wa Bukavu alikuambia?"

"Dokta alisema dawa ipite mu mushipa, uchungu ukisha kuanza. Hivi vidonge havitamusaidia mutoto. Minye nataka shindano."

"Punguza sauti, mukazana! Batu batasema uko na ugonjwa ya malaya."

"Baseme. Na weye ukibasikia, ubaambie bakuje kuniuliza."

Mama yangu, Pudentienne, hajazoea kujibiwa hivyo nyumbani mwake. Alinigeukia mimi, mwanawe Donatien, ili nimkemee mke wangu.

"Mama," nikasema, "hata minye nataka shindano." Shindano kwetu ni sindano.

Tulikuwa tumekwisha kuzika mtoto mmoja. Alizaliwa mzima, mnene, na siku ya pili akakataa titi, mwili ukawaka moto, akawa anavuta pumzi kwa kukoroma. Jua halikuzama kabla hatujaanza kutafuta mbao. Wengine walisema amelogwa, wengine walisema mama yake ametembea nje. Apollinarie hakumwamini hata mmoja wao. Mimba ya pili ilipokaribia kutimia alipanda lori la mihogo mpaka Bukavu kwa shangazi yake, akaingia hospitali, akawasimulia madaktari yote. Wakampima kwa pamba iliyofungwa kwenye kijiti, sehemu zile ambazo mama yangu hataki zitajwe. Wakakuta kijidudu kinachoitwa streptokoki B.

Dokta alimweleza kwamba wanawake wengi wanaishi nacho bila kudhurika, na hakikuletwa na umalaya wa mtu yeyote. Lakini mtoto akipita njia ile anaweza kukibeba, na kikambeba yeye. Kumeza dawa mapema ni bure, maana kijidudu hurudi. Dawa iingie kwenye mshipa wakati wa uchungu, na ipate muda wa saa nne hivi kabla mtoto hajatoka.

Basi uchungu ulikuwa umeanza, na dawa haikuwepo. Kituo cha afya cha karibu kilikuwa kimeporwa na watu wenye bunduki, chupa zote, hata magodoro. Kilichobaki ni kile cha masista, ng'ambo ya mfereji mkubwa. Pikipiki zilikuwa zimefichwa porini kwa sababu kila mwenye silaha alizitamani. Ikabaki ngobyi.

Ngobyi ni kitanda kilichosukwa, chenye miti ya kuweka mabegani, na kwetu kule Kiringye ina sheria yake. Mwanamume anayekutana nayo njiani huweka chini alichobeba na kutoa bega, hata kama aliyelala ndani ni mtoto wa adui yake. Anayepita bila kushika, siku yake ikifika atalala nyumbani mpaka anuke.

Nilipiga filimbi. Wanaume wakatoka kwenye mpunga na matope magotini. Mkubwa wa ngobyi yetu alikuwa Thaddée, mchoma matofali, mtu ambaye mdomo wake haujui siku ya mapumziko.

"Shemeji Apollinarie," alisema tulipomnyanyua, "umekula nini? Uko muzito kama gunia ya mupunga yenye imelowa!"

"Nimekula maneno ya mama mukwe," Apollinarie akajibu, na wabebaji wakacheka hata ngobyi ikayumba. Mama yangu, aliyekuwa nyuma na beseni la nguo kichwani, hakucheka.

Tulikwenda mbio. Jua la bonde la Ruzizi halina huruma na mtu anayebeba. Uchungu ukimshika, Apollinarie alikamata kingo za ngobyi na kutuambia tusisimame. Tukabadilishana mabega tukitembea, kama ilivyo desturi, mpaka tukaona mfereji. Na kwenye daraja la mfereji, mti umelazwa juu ya nguzo mbili kukatiza njia. Bariyeri.

Ilikuwa mpya. Jana yake haikuwepo. Vijana wenye bunduki walikaa juu ya masanduku ya mbao, na komanda wao, mtu mfupi aliyevaa koti la mvua juani, alisimama akitabasamu alipotuona.

"Mungu halali!" alisema. "Tangu asubuhi natafuta wanaume ya kubeba hii mizigo mupaka milimani. Angalia, wamejileta, na mabega imekwisha kupata moto."

"Mukubwa," nikasema, "tuko na mama wa uchungu. Anaenda kwa masista, kupata dawa."

"Ashuke azalie hapa. Mama yangu alinizaa mu shamba ya mihogo. Minye nilikufa?"

"Na matokeo ndiyo tunaona," Thaddée akanong'ona, lakini mnong'ono wa Thaddée husikika mpaka Burundi. Komanda alimpiga fimbo ya mgongo. Wawili wa vijana wake wakaanza kututoa mmoja mmoja kwenye miti, na ikabidi tuishushe ngobyi vumbini. Nilikunja ngumi, nikijua kwamba ngumi yangu si kitu, na nikijua pia kwamba nitaitumia.

Apollinarie akashuka mwenyewe. Alishika tumbo kwa mkono mmoja, akasubiri uchungu upite, akaenda kusimama mbele ya komanda, karibu mpaka tumbo lake likagusa koti lile.

"Komanda, uniangalie. Niko na kijidudu mu njia ya mutoto. Kinaitwa streptokoki. Kiliniulia wa kwanza. Dawa iko kwa masista, na lazima iniingie mbele ya huyu kutoka. Vile unanizuia hapa, unamushika mutoto shingo. Kama unataka kumuua, uanzie kwangu. Kama hutaki, toa ile muti."

Mama yangu alifunika uso kwa kanga. Yale aliyotaka yafichwe chumbani yalikuwa yametangazwa barabarani, mbele ya jeshi zima.

Komanda akatema mate. "Mwanamuke gani hana haya? Ugonjwa ya malaya unaitangaza mu njia?"

"Ninaitangaza. Na weye yako unaificha wapi?"

Vijana wake walicheka. Hawakutaka kucheka, kicheko kiliwatoroka. Komanda akageuka kuwatazama, na alipogeuka, Apollinarie aliinama, akapita chini ya mti wa bariyeri, akaanza kutembea kwa miguu yake kwenye daraja.

Komanda akafyatua risasi hewani. Yangeyange wote wakaruka kutoka kwenye mpunga. Apollinarie alishtuka, akashika ukingo wa daraja, uchungu mwingine ukamkunja. Aliinama pale akipumua. Kisha akajinyoosha, akaendelea mbele bila kutazama nyuma.

Nikashika mti wa mbele wa ngobyi.

"Mwenye atanyanyua hiyo kitu, nitamutoboa," komanda alisema.

Nikanyanyua. Rafiki yangu Nzeyimana akajitoa kwenye mikono ya aliyemshika, akanyanyua upande wa pili. Nyuma hapakuwa na mtu, miti ikaburutwa vumbini. Tukavuta hivyo hivyo, kama jembe la ng'ombe. Ghafla uzito ukapungua. Niligeuza shingo, nikaona kijana mmoja wa bariyeri ameisukuma bunduki yake mgongoni na kuweka mti begani.

"Sévère!" komanda akapiga kelele. "Unaenda wapi?"

"Komanda, tumekutana na ngobyi."

"Na amri yangu?"

"Siku nikipigwa risasi, amri yako itanibeba?"

Mwenzake akainua mti uliobaki, akitazama chini kama mtu anayeiba. Komanda alitazama bunduki yake, akawatazama vijana wengine juu ya masanduku, nao walikuwa wakitazama angani walikokwenda yangeyange. Nadhani alihesabu ni wangapi watamtii, akaona heri asiulize.

"Muende," alisema, akaashiria mti wa bariyeri uinuliwe. "Lakini hawa bengine babaki. Babebe mizigo yangu."

Thaddée alikuwa kati yao. Nilisita.

"Unangoja nini?" akanifokea. "Unataka kunililia? Minye nimebeba matofali tangu hujazaliwa. Kimbia, mujinga, mutoto hangoji!"

Tukamkuta Apollinarie upande wa pili, tukamlaza, tukakimbia, mama yangu akifuata nyuma na beseni lake. Wabebaji wawili wa mpunga, wawili wa bunduki. Nzeyimana, ambaye hawezi kukimbia bila kuimba, akatunga palepale, na tukamwitikia:

Ngobyi yapita, ondokeni njiani,
Mama amebeba mwana tumboni;
Mwenye bunduki aweke begani
Mti wa ngobyi, si chuma cha vitani.

Sévère aliimba kwa sauti kubwa kuliko sisi.

Kwa masista, mkunga Georgette alitoka mlangoni, akaona bunduki. "Silaha haiingii hapa," alisema, na vijana wale wakarudi nyuma mpaka kwenye kisima. Apollinarie hakungoja kuulizwa.

"Streptokoki B. Walinipima Bukavu. Nataka ampisilini ya mu mushipa."

Georgette akamtazama vizuri. "Dawa ya jamii ya penisilini iliwahi kukuvimbisha mwili ama kukukatia pumzi?"

"Hapana."

Sindano ikaingia mshipani kabla mama yangu hajamaliza kutandika kitenge. Georgette alimpima, akakunja uso: njia ilikuwa imefunguka zaidi ya nusu. "Ningependa huyu mutoto akawie," alisema. "Lakini mutoto hafungwi kamba kama mbuzi. Hata dawa ya muda mufupi iko muzuri kupita kukosa."

"Atakawia," Apollinarie akasema.

Sijui kama mtu anaweza kumwamrisha mtoto aliye tumboni. Najua tu kwamba Georgette alirudi na chupa ya pili, zile saa nne zilipotimia, na mtoto alikuwa bado. Alitoka baadaye, jua likiwa limeegemea milima. Msichana. Alilia kabla hajakauka.

Georgette hakutuacha tushangilie. Kesho na kesho kutwa atamtazama, alisema: pumzi, joto, kunyonya. Siku ya pili ndiyo iliyotutisha. Thaddée alifika asubuhi ile, amewatoroka wenye bunduki njiani pamoja na wenzake, mabega yamechunika, akidai kwamba masanduku ya komanda ni mepesi kuliko shemeji. Hakuna aliyecheka. Sote tulikuwa tunamtazama mtoto.

Mchana mapigano yakaanza bondeni. Risasi zilisogea mpaka mabati yakatetemeka. Georgette akaamuru wote walale sakafuni na akina mama wawanyamazishe watoto, ili walio nje wasijue kama nyumba ina watu. Watoto wakawekwa matitini. Chumba kikawa kimya. Wa kwetu peke yake akaachia titi, akafungua kinywa, akalia kwa nguvu zake zote.

"Mama, munyamazishe huyo!" mwanamke mmoja akanong'ona kwa hasira. "Atatuuza!"

Apollinarie alikaa kitako katikati ya waliolala, akamweka mtoto begani.

"Ameshiba," alisema, na hakunong'ona. "Analia sababu ako na nguvu. Wa kwanza, siku kama hii, hakuwa na nguvu ya kulia. Mutanisamehe. Huyu simunyamazishi."

Nilimtazama mama yangu, nikidhani atamwambia apunguze sauti. Alikuwa anatambaa sakafuni kuelekea kwa mkaza mwana wake. Akafika, akaweka kiganja juu ya kifua cha mtoto, akasikiliza pumzi kwa muda mrefu. Kisha naye akakaa kitako, kati yao na dirisha, mgongo wake ukielekea risasi.