Sura Iliyobaki ya Bibi Kifua

Vijana waliotengeneza ile programu huria ya zahanati walikuwa mabingwa wa kompyuta, lakini maelekezo yao, jamani, yalikuwa makavu kama mkate wa juzi. Ndipo wakamwomba dada mmoja mwandishi ajitolee kuwaandikia mwongozo unaosomeka.

Dada akabuni mgonjwa wa mfano. Hakwenda mbali: alimchukua mama yake mzazi, akampachika jina Bibi Kifua. Ukitaka kujifunza kusajili mgonjwa, unamsajili Bibi Kifua, naye anaficha umri. Ukitaka kutuma ujumbe wa kukumbusha kliniki, unamwandikia yeye: "Njoo na sweta, asubuhi kuna baridi." Mama alikuwa akikaa kando ya meza akisomewa kila ukurasa, akicheka mpaka kikohozi kinambana. Wauguzi wa mbali waliandika kuuliza kama Bibi hajambo.

Ikabaki sura moja: kufunga faili la mgonjwa aliyefariki. Dada hakuandika hatua yoyote kabla ya kuifanya mwenyewe kwenye faili la Bibi Kifua, na hii ikamshinda. Alisema ni uchuro. Wenzake wakimkumbusha, anawapiga chenga.

"Andika tu, mwanangu," mama alimwambia. "Kifo hakisubiri kitabu chako."

Na kweli hakikusubiri.

Machozi hayajakauka, kwenye simu ya dada, ambayo namba yake ndiyo mama aliyoiandikisha zahanati, ukaingia ujumbe: mama anakumbushwa kliniki Jumatatu. Njoo na sweta, asubuhi kuna baridi. Zahanati nayo ilitumia programu ile ile, na ilikuwa imenakili mfano wake neno kwa neno. Alilia mpaka akakaa chini. Jumatatu nyingine ukaja tena.

Akaenda zahanati. Muuguzi aliinamisha uso, akaeleza kuwa si yeye peke yake, wafiwa wengi hufika pale na simu mkononi wakilia.

"Tumetafuta kwenye mwongozo namna ya kuzuia, dada. Hakuna."

Dada hakumwambia mwongozo ni wa nani.

Nyumbani alijaribu kubuni mgonjwa mwingine, akamfuta. Wasomaji wangeuliza Bibi yuko wapi. Akafungua faili la mfano, akafanya kila hatua kwa mkono wake, akaandika: "Bibi Kifua ametutoka. Funga faili lake taratibu, kisha hakikisha ujumbe umezimwa, maana simu ile iko mkononi mwa mtu."

Akaipeleka sura zahanati. Muuguzi alisoma kwa sauti huku akifuata kwenye faili la mama, lile la kweli, mpaka kwenye kitufe cha mwisho. Hapo akamtazama.

"Dada, utabonyeza mwenyewe?"

"Hapana," alisema. "Fuata kama ilivyoandikwa."

Muuguzi akabonyeza.

Jumatatu iliyofuata simu haikulia. Dada alikuwa ameishika tangu alfajiri.