Luxemburg Haijakubali

Tangu asubuhi Natalia alikuwa ametoka mlangoni mwa duka la Hajira mara tano kutazama kama taa za duka la jirani bado zinawaka, kana kwamba umeme wa Katesh ukitaka kukatika ungeanzia kule na kumpa yeye nafasi ya kujiandaa.

"Kaa chini," Hajira alimwambia huku akikunja vitenge. "Unanifukuzia wateja."

"Bando lipo?"

"Lipo. Umeniuliza sasa hivi. Kaa, Mheshimiwa Luxemburg."

Natalia akakaa, akasimama tena. Walisoma pamoja sekondari, na ni Hajira pekee aliyeruhusiwa kumtania siku kama hiyo. Chuo kikuu kimoja cha Ulaya kilikuwa kinachukua vijana wa Afrika kwa kozi ya wiki sita kuhusu siasa, utangamano na utamaduni wa Ulaya, kila kitu kimelipiwa. Waombaji walikuwa wamebaki wanane, nafasi tatu. Jaribio la mwisho lilikuwa mkutano wa kuigiza kwa mtandao: kila mmoja anawakilisha nchi, na bila nchi zote kukubali hakuna uamuzi. Natalia alikuwa amepewa Luxemburg. Alipoitafuta akakuta ni ndogo kuliko wilaya ya Hanang, akaipenda hapo hapo.

"Bibi yako amesemaje?" Hajira aliuliza.

"Hajasema kitu."

"Ulimwambia lini?"

"Wiki mbili sasa. Alikuwa anakamua. Akaendelea kukamua."

Hajira akaacha kukunja vitenge. Bibi ndiye aliyemlea Natalia kule Hirbadaw tangu mama yake alipofariki, na wote wawili walijua kwamba hakuna chuo kitakachomtoa mjukuu huyo nyumbani bila neno la bibi.

Saa tisa mkutano ukaanza. Kwenye simu walionekana vijana saba na mwenyekiti, Daktari Theodory, mhadhiri mzee mwenye mvi na miwani iliyoning'inia kifuani. Hoja ilihusu ruzuku ya wakulima: igawanywe kwa ukubwa wa shamba. Michael, aliyekuwa Ujerumani, alizungumza Kiingereza kilichonyooka kama rula. Mmoja baada ya mwingine wakamuunga mkono. Karatasi ya maelekezo aliyopewa Natalia ilisema wazi: usikubali mpaka wafugaji wadogo wa maziwa watajwe.

"Kuna mwenye pingamizi?" mwenyekiti aliuliza.

Natalia akainamisha macho, akanyamaza.

Hakuwa amesahau. Utotoni alikuwa akikaa ubavuni mwa bibi yake kwenye vikao vya wanawake, na huko ndiko alikojifunza namna ya kukataa. Asiyeafiki hamkatizi mkubwa wala hapandishi sauti. Ananyamaza, anatazama chini. Mama anayeongoza huwapitia wote kwa macho, na akimwona aliyenyamaza humgeukia na kumuuliza yeye mwenyewe. Kikao hakifungwi kabla ya hapo. Basi Natalia alikuwa akipinga kwa nguvu zake zote, akingoja kuulizwa.

"Vizuri," alisema Daktari Theodory. "Tumekubaliana wote."

Nyuma ya majora ya vitambaa Hajira akapunga mikono kama anayefukuza kuku. Ongea, midomo yake ilisema. Ongea.

Vidole vya Natalia vikatafuta alama ya maiki, vikaikosa, vikaipata.

"Shikamoo, mwalimu," akasema, Kiswahili kikimtoka katikati ya Kiingereza cha watu.

"Marahaba," mzee akajibu, akavaa miwani.

"Luxemburg haijakubali."

"Tumeulizwa, ukanyamaza," alisema Michael.

"Nilinyamaza kwa sababu sikubali."

Mtu mmoja akacheka. Masikio ya Natalia yakawaka moto, lakini sauti ilikuwa imeshatoka na hakujua namna ya kuirudisha. "Kwetu aliyenyamaza ndiye anayeulizwa. Nilikuwa nangoja kuulizwa."

Natalia akadhani mtandao umekwama, akainua simu juu, akaishusha.

"Hapa hatuendi hivyo, binti," mzee alisema mwishowe. "Hapa anayenyamaza amekubali. Ungekuwa mkutano wa kweli, wafugaji wako wangekuwa wameshakosa." Akafunua karatasi. "Bahati yako sijatia sahihi. Luxemburg inasemaje?"

Akasema. Mwanzoni polepole, kisha haraka mno, juu ya mtu mwenye ng'ombe watatu anayeamka kabla ya wote, na gari la maziwa linaloishia pale barabara nzuri inapoishia. Michael akabisha. Natalia akambishia. Walivutana karibu nusu saa, na mwisho Ujerumani ikanung'unika na kukubali kuongeza mstari mmoja.

"Umetokwa na jasho kama mbeba magunia," Hajira alisema simu ilipozimwa. "Umeshinda?"

"Sijui. Nilichelewa."

Siku nne alizunguka nyumbani Hirbadaw bila kukaa. Alichota maji yaliyokuwa yameshachotwa. Kila saa alipanda kilimani nyuma ya zizi, mahali pekee penye mtandao. Siku ya tano, mchana, barua pepe ikaingia. Alikuwa amechaguliwa. Athibitishe kabla ya saa kumi na mbili jioni ya siku hiyo. Asiyejibu atahesabiwa amekataa.

Akaisoma mara mbili. Mkutanoni kunyamaza kulikuwa kukubali. Humu kulikuwa kukataa. Akatazama chini, akamwona bibi yake amekaa mlangoni akisafisha kibuyu cha maziwa kwa kijinga cha moto, na wiki zile mbili na ushee za kukamua bila neno zikamjia kwa maana yake halisi.

Akateremka karibu kwa kukimbia, akaketi chini mbele yake.

"Bibi."

"Eee."

"Ile safari. Hukusema kitu."

"Hukuniuliza." Bibi akatikisa kibuyu, moshi ukatoka. "Ulinitangazia tu, kama mwenyekiti wa kijiji."

"Nakuuliza sasa. Unasemaje?"

"Siafiki."

Natalia akatazama angani. Jua lilikuwa limeshainama kuelekea magharibi. "Ni nini kiongezwe?"

Bibi akamtazama kwa mara ya kwanza. "Sara wa shangazi yako aje akae hapa. Mgongo wangu hauchoti maji tena. Na siku ya kurudi niijue. Nataka siku, usiniambie nitarudi tu."

"Sara nitamfuata kesho. Narudi tarehe thelathini, mwezi wa nane."

"Mvua hazijaanza."

"Hazijaanza."

Bibi akanusa mdomo wa kibuyu, akaridhika nao. "Basi nenda. Na hao wa huko, kwenye vikao vyao, nani huwauliza walionyamaza?"

"Sijui, bibi. Nitaangalia."

Alipofika kilimani pumzi zilikuwa zimemwisha na mtandao ulikuwa na mstari mmoja. Akaandika neno moja, nakubali, akabonyeza. Ujumbe ukazunguka. Akapanda juu ya jiwe, akainyoosha simu kuelekea Katesh, na hakuushusha mkono mpaka ujumbe ulipokwenda.