Fungu la Aliyelala

Jina la Gundi alipewa na shemeji yake, mume wa dada yake, siku ile aliyogoma kwenda kula mpaka ajue kwa nini printa ya karakana inatoa kurasa tupu. Huyu akishika kitu haachii, alisema shemeji, na jina lenyewe likashika hapo hapo. Sasa asubuhi hii Gundi alikuwa ameshika kisanduku.

Kisanduku chenyewe ukipishana nacho huwezi kukigeuzia shingo. Cha bati, rangi ya kijivu, ukubwa wa mkate, taa mbili usoni. Lakini ndicho kilichopokea simu zote za kituo cha gari la wagonjwa na kuwagawia wapokeaji. Walikiunda wao wawili, kwenye karakana yao ya vyumba viwili nyuma ya duka la vioo. Shemeji alishughulika na bati, waya na betri. Gundi aliandika programu, tena ile ya ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo, kule ambako ukikosea mashine haikuombi radhi wala nini, inaganda tu.

Na juzi kiliganda, katikati ya simu.

Aliyekuwa mezani ni mama yake Gundi mwenyewe, mpokeaji wa zamu ya mchana. Baba mmoja alikuwa anamwelekeza nyumbani kwake, mtoto amekwamwa na kitu kooni. Mama akasikia, "Ukishapita geti la bluu," halafu basi, kimya. Bahati yule baba alipiga tena kwa namba nyingine, gari likafika, mtoto akapona. Lakini jioni Mama alirudi nyumbani akakaa kitini na mkoba wake begani, hakukumbuka hata kuutua.

"Sitaki kuusikia tena ule ukimya," alimwambia Gundi. "Kama mmeshindwa semeni, tubaki na mtambo wa zamani. Una uzembe wake, lakini haumkati mtu kauli."

Mkuu wa kituo naye akatoa lake: kisanduku kirudi mezani kabla ya saa tisa alasiri, tena kizima, au kisirudi kabisa.

"Shemeji, unajitesa bure," alisema shemeji, bisibisi nyuma ya sikio. "Tunajua memori inajaa kidogo kidogo. Ikijaa, kinaganda. Sasa si tukiwekee kijizime na kujiwasha chenyewe kila alfajiri, kabla haijajaa? Dakika mbili. Nani atajua?"

"Atakayepiga ndani ya hizo dakika mbili."

"Alfajiri hiyo nani anapiga?"

"Kwani watu wanaugua kwa ratiba?"

Shemeji akakuna kidevu. "Haya. Lakini ikifika saa nane hujapata kitu, natia hiyo yangu. Afadhali ukimya unaoujua saa yake kuliko unaokurukia."

Hilo lilimchoma Gundi, maana halikuwa neno la kijinga. Akavuta kiti, akakaa mbele ya kioo cha kompyuta.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Ndani ya kisanduku kulikuwa na prosesa nne, vibarua wanne wa kazi moja. Ukiwapa wote daftari moja, watashinda wanasukumana, huyu ngoja nimalize, yule toa mkono wako. Kwa hiyo kila laini ya simu ilipofunguka, programu ya Gundi ilikata vipande vinne vya memori, kila prosesa fungu lake, iandike mambo yake bila kugombana na mtu. Laini ikifungwa, mafungu yote yanarudi ghalani yakatumike tena. Kukata na kurudisha, basi. Sasa mahali fulani kulikuwa na fungu linalokatwa lisirudi, na Gundi hakulijua.

Asubuhi nzima alikipiga kisanduku kwa simu za uongo. Alikuwa na programu yake ya kazi hiyo, inapiga inakata, inapiga inakata, laini kwa mamia. Memori ikapanda, ikashuka, ikapanda, ikashuka, safi kabisa. Akaongeza simu mpaka feni ikaanza kulia. Hakuna kosa. Akaongeza tena.

"Utakiua," alisema shemeji.

"Ningekuwa nakiua ningefurahi. Kinazidi kunawiri."

Kwenye saa tano hivi Mama akapiga kutoka kazini.

"Umekula?"

"Nimekula, Mama."

"Muongo. Nasikia tumbo lako mpaka huku." Mama akashusha pumzi. "Mmefika wapi?"

"Kinafanya kazi vizuri tu. Hilo ndilo linaloniumiza kichwa."

"Si ndiyo tabia yake. Simu zikimiminika kinatulia kama mwanafunzi mbele ya mwalimu mkuu. Ngoja zipungue, mimi nivute sindano zangu nifume, ndiyo kinaanza visa. Hata juzi asubuhi nzima simu zilipungua, nikafuma mgongo wa sweta nikaumaliza. Nimeanza tu mkono, yule baba akapiga. Kina kijicho na sweta langu hicho."

Gundi akaacha kubonyeza. "Mama, hebu rudia."

"Nirudie nini? Kwamba una njaa?"

"Kwamba kinakorofisha simu zikipungua."

"Kila mara. Nilidhani mnajua."

Hawakujua. Gundi akakata simu, akanyoosha mkono, akazima ile programu ya simu za uongo. Feni ikapunguza makelele, ikanyamaza. Shemeji akageuka kama mtu aliyesikia jirani amezima redio.

"Umekubali?"

"Nakiacha kilale."

"Saa zinakwenda, shemeji, wewe unabembeleza mashine?"

"Betri ni ya nani?"

"Yangu."

"Na nani alinisumbua kwamba simu zikipungua nizilaze prosesa mbili, ili betri yake isiishe umeme ukikatika?"

Shemeji akatoa bisibisi sikioni, taratibu, akaja kusimama nyuma ya kiti.

Gundi akafungua laini kadhaa prosesa zote nne zikiwa macho. Halafu akaweka mikono mapajani. Kwake hiyo ndiyo ilikuwa kazi nzito kuliko zote, kukaa asiguse kitu. Mguu ukamtetemeka chini ya meza, akaukanyaga kwa mguu wa pili. Kisanduku kikaona hakuna shughuli, kikailaza prosesa moja, kikailaza na nyingine. Hapo ndipo akazifunga zile laini.

Memori ikashuka, ikafika nusu, ikasimama hapo hapo.

Akarudia. Ikapanda kutoka pale ilipobaki, ikashuka nusu, ikasimama juu zaidi. Ilikuwa ngazi, na kisanduku kilikuwa kinaipanda kila Mama alipopata nafasi ya kufuma.

"Mafungu mawili yanarudi," alisema shemeji. "Mawili je?"

"Yamebaki na waliolala."

Akafungua programu, akashuka mpaka sehemu ya kurudisha. Mstari wenyewe alikuwa ameuandika kwa mkono wake: pita kwa kila prosesa iliyo macho, chukua fungu lake, rudisha. Wakati wa kukata aligawia zote nne. Wakati wa kukusanya alikwenda kwa walio macho tu, kwa sababu siku ile aliona aliyelala asibughudhiwe, ana nini huyo? Kumbe ana fungu zima. Na laini ikishafungwa hakuna tena anayekumbuka kwamba fungu hilo lilikuwepo.

"Sasa utaziamsha kwanza ndiyo uzinyang'anye?" aliuliza shemeji.

"Kwani memori iko tumboni mwao? Iko pembeni. Nazipitia zote nne, zilizo macho na zilizolala, nakusanya."

Akabadilisha, akakipakia upya kisanduku, akafungua laini kadhaa. Ikawa saa nane kasoro. Shemeji alikuwa ameshaunganisha kompyuta yake kwa waya, ile dawa yake ya alfajiri iko tayari, kidole kimeelea juu ya kitufe. Gundi akalaza kiganja juu ya bati.

"Ngoja kilale."

"Na kisipolala?"

"Kitalala. Kaa."

Shemeji akakaa. Wakakitazama wawili hao kama wazazi wa mtoto mchanga, hakuna anayethubutu kukohoa. Prosesa moja ikalala, ya pili ikafuata. Gundi akafunga laini.

Memori ikashuka, ikapita nusu, ikaenda mpaka chini ilikoanzia. Akaziamsha, akafungua laini, akazilaza, akafunga tena. Chini. Akafungua prosesa mbili tu zikiwa macho, akafunga zote nne zikiwa macho. Chini.

Shemeji alichomoa waya wake, akauzungusha mkononi mpaka ukawa duara, akauweka mfukoni. Kisha akaenda kutafuta funguo za gari.

Walifika kituoni saa tisa haijagonga. Gundi akakichomeka kisanduku mwenyewe, taa mbili zikawaka, Mama akavaa spika zake za masikioni bila kumtazama mtu. Simu zikaingia, zikatoka. Mkuu wa kituo akapita, akaangalia, akaenda zake bila kusema ndiyo wala hapana. Halafu simu zikaanza kupungua, na Mama akakunja mikono juu ya meza.

"Fuma, Mama," alisema Gundi.

"Sifumi."

"Ukikaa hivyo mimi na wewe hatutajua kitu. Fuma."

Mama akamwangalia bintiye. Akainama, akatoa sweta kwenye mkoba, mkono mmoja umeishia safu ya kwanza. Sindano zikaanza kugongana. Chumba kikatulia kabisa. Gundi alijua huko ndani prosesa mbili zimeshalala, akaukanyaga tena mguu wake.

Mama akamaliza safu ya pili, ya tatu, safu juu ya safu. Mkono wa sweta ukafika karibu na kiwiko.

Simu ikaita.

Mama akaangusha sindano, akashika kalamu. Ilikuwa sauti ya mwanamke, inatetemeka. "Taja njia, mwanangu, taratibu," alisema Mama, akaanza kuandika. Aliandika mtaa, aliandika duka la pembeni, aliandika ngazi za kushoto, mlango wenye pazia. Yule mwanamke akafika mwisho wa maelezo yake, akavuta pumzi, akasema ni hapo.

"Nimekupata yote," alisema Mama. "Usikate. Niko hapa."